Mota Iliyokuwa Ikirudi Nyuma

Jumapili, 2 Juni

Baba Bona amesema nikitaka kumsifu Bona tena leo nikamsifie daftari, maana masikio yake yeye yamejaa. Basi nimenunua daftari. Wewe daftari huna pa kukimbilia.

Jina langu ni Esta, lakini Sepuka nzima wananiita Mama Bona, na wana haki. Mwanangu Bonaventura ni fundi umeme. Si wale wa kumenya waya kwa meno, ninaowajua na siwataji. Amesoma chuo, ana cheti chenye picha yake, na sasa yuko Singida mjini kwenye karakana ya kusuka mota. Akipita hapa na begi lake la vifaa, wanaume wenye mvi wanamwita injinia. Mimi niliishia darasa la saba, lakini injinia nimemzaa mimi.

Ndiyo maana kikundi chetu cha akina mama kilipopata mashine ya kukamua alizeti, ile ndogo ya umeme wa laini moja, iliwekwa kwenye banda langu. Scholastika, mwenyekiti wetu, alitaka iende kwake. Kura zikamkataa. Bona aliifunga mwenyewe: kinu upande wa mlangoni, mota upande wa ukutani, mkanda katikati. Mwaka jana ilikamua msimu mzima bila kukohoa.

Mwaka huu nina msaidizi. Bona ameoa, na mkewe kamwacha kwangu mpaka apate nyumba mjini. Anaitwa Dorika, binti wa Shelui, kule yanakolala malori. Sina neno naye. Ila watu wa barabara kuu macho yao huwa yanaangalia mbali.

Jumanne, 4 Juni

Baridi imeingia na upepo wake. Leo tumewasha mashine kwa mara ya kwanza. Mota ilinguruma tu, haikuzunguka, kama mtu aliyeitwa shambani akiwa bado kitandani. Nikasimama mlangoni, nikashika mkanda, nikauvuta kuja kwangu kidogo, nikatoa mkono haraka. Ikaondoka vizuri.

Bona alishatukataza. Alisema mkono usiguse mkanda, vidole vitabaki humo. Sitamwambia, ataanza kunihubiria kwenye simu. Dorika nimemfundisha: washa, ikinguruma vuta mkanda kuja kwako, toa mkono. Ameshika upesi.

Na jambo moja nimempa maksi, adabu. Siku aliyofika nilimwambia: "Hapa kwangu mkwe hampi mgongo baba mkwe. Akiwa amekaa, wewe zunguka. Hata akiwa anasinzia, zunguka." Na kweli anazunguka. Majirani wanaona, na sifa zinakuja kwangu mimi niliyemfunda.

Jumatano, 5 Juni

Mawingu, upepo. Baba Bona hakutoka jikoni kwenye moto. Tumekamua vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Leo pametokea jambo. Nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta, nikasikia mzee Alute anapiga kelele bandani: "Alizeti yangu inatapikwa!" Nikakimbia. Kweli, punje zilikuwa zinapanda kutoka mdomo wa kinu badala ya kushuka. Mafuta hakuna. Mashudu hayatoki. Mota ilikuwa inazunguka kinyume.

Dorika amesimama kando. "Mama, nimefanya kama ulivyonifundisha."

"Ungefanya nilivyokufundisha ingekamua. Sogea!"

Nikazima. Nikamwambia Baba Bona aliyekuwa anaota jua mlangoni asogeze miguu yake, nikasimama mahali pangu, nikawasha, nikavuta. Ikaenda mbele kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Mzee Alute akasema, "Mashine inakujua wewe." Nikamwambia inajua imefungwa na nani.

Lakini nilimpigia Bona. Akasema, "Mama, mota haigeuki yenyewe. Upande wa kuzunguka umefungwa ndani ya kile kiboksi cha waya. Kuna koili ya kazi na koili ya kuanzia. Ili igeuke, lazima mtu afungue kiboksi abadilishe waya za ile ya kuanzia."

"Mtu?"

"Mtu, mama."

Nimelibeba neno hilo kutwa.

Jumamosi, 8 Juni

Baba Bona kaenda mnadani. Mashine imenyooka siku nzima. Nani alikigusa jana kile kiboksi, na nani leo kakirudisha?

Jumatatu, 10 Juni

Jua zuri, na mota imerudi nyuma tena. Dorika aliwasha mara ya kwanza, ikatapika. Akawasha tena, ikatapika. Nikaja mimi, ikaenda. Baba Bona, pale pale mlangoni na redio yake, akasema, "Hata mashine imechoka kusikia habari za Bona." Nikamwambia anyamaze, hapa pana mtu.

Jumanne, 11 Juni

Scholastika alikuja na Damiani, mtoto wa kaka yake. Huyu Damiani anajiita fundi kwa sababu anamiliki koleo. Akafungua plagi, akabadilisha waya mbili, hii ikaenda pale na ile ikaja hapa. Dorika akawasha, ikaenda mbele vizuri!

"Mama Bona," Scholastika akasema kwa sauti ya kanisani, "cheti kinatundikwa ukutani. Kazi inafanywa na mikono."

Nilimpigia Bona nikiwa nachemka, nikamweleza kila kitu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, laini moja haijali. Geuza waya za plagi mpaka kesho, mota itazunguka upande wake ule ule. Huyo amebahatisha."

Kulikuwa na mawingu, baridi kali. Baba Bona alikuwa kajifungia jikoni, kwa hiyo hakuiona aibu yangu, ashukuriwe Mungu.

Alhamisi, 13 Juni

Imerudi nyuma. Dawa ya Damiani imedumu kama ukungu. Nimefurahi, kisha nimehuzunika, kwa sababu mashine ni yetu sote.

Jumapili, 16 Juni

Bona kaja baada ya misa. Alivua mkanda, akaijaribu mota peke yake, mara nyingi. Kila mara ikaondoka yenyewe, upande sahihi, bila kunguruma. Akafungua kiboksi, waya ziko alivyoziacha. Akarudisha mkanda, akawasha kinu kikiwa kitupu, jua la mchana likiwa kali. Ikaondoka.

"Mota nzima hii," akasema. "Mama, nani huwa anabaki bandani?"

Nilitaka kumwambia kwamba asubuhi za baridi tunaivuta kwa mkono, lakini Scholastika alikuwa amesimama pale na masikio yake. Ningemwambiaje mbele yake kwamba mama wa injinia anavuta mkanda kama anavuta ng'ombe? Na hata hivyo mkono hauna kosa, mkono unaamsha tu. Upande uko kwenye waya, kasema mwenyewe.

Nikamjibu, "Anabaki Dorika."

Akafunga begi lake la vifaa. Kuanzia hapo kila kitu kikaanza kunionyesha kidole kwa binti huyu.

Jumanne, 18 Juni

Nyuma.

Jumatano, 19 Juni

Dorika alikwenda zahanati, kichwa kinamuuma. Nimewasha mwenyewe tangu asubuhi. Mbele, mbele, mbele. Kwangu mimi haijawahi kurudi nyuma hata siku moja. Nimesema hata siku moja.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekuwa nikiangalia. Mtu asiniambie sijui kuangalia, nimelea watoto na nimefuga mbuzi.

Scholastika haji bandani ila akiwa na watu. Nimemtoa kwenye hesabu, ingawa ananuna nikimpita. Damiani haji bila Scholastika. Lakini leo alipita barabarani, Dorika akamsalimia, wakacheka. Damiani aliwahi kufanya kazi Shelui, akamtupia neno la Kinyiramba, naye akajibu. Walicheka nini? Mimi Mnyaturu, sikuelewa. Nilipouliza, Dorika akasema, "Ananitania tu mama, anasema Sepuka baridi imenikomesha."

Labda ni hilo. Labda si hilo. Damiani anaitaka mashine, shangazi yake anaitaka mashine, na ndani ya nyumba yangu kuna mtu anayeelewana nao kwa lugha nisiyoijua.

Nilipokuwa nakunja nguo zilizoanuliwa, bisibisi ikadondoka kutoka kwenye khanga yake. Bisibisi! Mwanamke na bisibisi wapi na wapi? Nimeirudisha nilipoikuta, nikakunja khanga juu yake, nikatoka kama sikuona.

Jumanne, 25 Juni

Nyuma tena leo, mbele ya wateja wa kutoka Ikungi. Mmoja akafunga magunia yake akaondoka, akasema anaenda kwenye mashine yenye akili timamu.

Walipotawanyika nilizima swichi kuu, nikamtuma Dorika maji, nikachukua kisu cha jikoni nikafungua kile kiboksi. Ndani nikakuta doa jekundu kwenye waya moja, na doa jingine kwenye msumari ilipofungwa. Nikalinusa. Rangi ya kucha.

Katika nyumba hii nani anapaka rangi ya kucha? Baba Bona?

Ijumaa, 28 Juni

Nimemwambia Scholastika. Nimemwambia yote, hata ya bisibisi. Ameshika kidevu, amenipa pole, na kwa mara ya kwanza tangu kura zile amenikaribisha chai.

Mkutano wa kikundi ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapa hapa bandani. Kama mashine haijatulia, inahamia kwa Scholastika na fundi atakuwa Damiani. Nitasimama nimtaje Dorika mbele ya wote. Mashine itabaki, jina la Bona litabaki safi, na binti atarudi kwao Shelui. Nimempigia Bona, nimemwambia aje achukue mtu wake. Akasema, "Nitakuja Jumamosi, mama. Usimwambie kitu mpaka nije."

Chai ya Scholastika ilikuwa na sukari nyingi. Sikuimaliza.

Jumatano, 3 Julai

Visigino vyangu vimepasuka kwa baridi. Dorika ameniletea maji ya moto na mafuta, bila kutumwa. Nikasema sitaki. Akaviweka chini, akaondoka. Maji yalipoanza kupoa nikatia miguu.

Jumamosi, 6 Julai

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Bona alifika na basi la kwanza. Hakula. Akina mama wakajaa bandani na nje, wengine wamekaa kwenye magunia. Scholastika mbele, Damiani nyuma yake na koleo lake mfukoni kama padre na msalaba. Baba Bona akatoka na kigoda, shikamoo zikamwagika, akaitikia marahaba zote, akakaa mlangoni penye jua.

Scholastika akasema, "Mama Bona, tusizungushane. Mashine iwashwe tuione kwa macho."

Nikasema, "Awashe Dorika." Nilimtaja kwa makusudi. Nilitaka imuumbue yeye mwenyewe, mimi nimalizie tu.

Dorika alikuwa amesimama karibu na kinu. Akamtazama Baba Bona pale mlangoni, akainamisha macho, akajifunga khanga vizuri, akazunguka mota akaenda upande wa ukutani. Akawasha. Mota ikanguruma. Akanyoosha mkono, akavuta mkanda kwenda kwake.

"We! Mkono!" Bona akapiga kelele.

Alizeti ikaanza kutapikwa. Akina mama wakaguna. Damiani akacheka. Scholastika akanigeukia, akaniinamishia kichwa kidogo, maana yake: sema sasa.

Nikasimama. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Huyu..."

Na hapo ndipo nikauona ule mkono wake. Ulikuwa umetoka kuvuta mkanda kwenda ukutani. Wangu mimi huwa unavuta kuja mlangoni. Nikaangalia mahali ninaposimama mimi siku zote, mbele ya kinu. Nyuma ya mahali hapo kulikuwa na miguu ya Baba Bona.

Nikasahau kidole changu hewani.

"Zima, Dorika. Baba Bona, ondoka hapo."

"Niende wapi? Jua liko hapa."

"Ondoka mlangoni, Baba Bona!"

Akaondoka, akinung'unika na kigoda chake. Nikamwambia Dorika, "Njoo usimame ninaposimama mimi. Washa. Vuta."

Akavuta. Mbele. Punje zikashuka kwa utulivu, mashudu yakaanza kutoka.

"Zima. Baba Bona, rudi ukae."

"Mimi ni mbuzi wa kuhamishwa hamishwa?"

"Kaa, mume wangu, nitakupikia kuku."

Hata hajakaa vizuri, Dorika alikuwa ameshazunguka kwenda ukutani. Hakuna aliyemwambia. Miguu yake ilikwenda yenyewe. Akawasha, akavuta. Nyuma!

Mke wa mzee Alute akapiga makofi. "Jamani! Anakataa kumpa mzee mgongo!"

Bona alikuwa ameshika kichwa. "Tangu lini mnavuta mkanda kwa mkono?"

Akina mama wote wakaangalia paa. Mmoja akaanza kumpangusa mtoto kamasi zisizokuwepo.

"Mama?"

"Tangu baridi ianze," nikasema. "Iligoma kuamka. Na wewe ulisema upande umefungwa kwenye waya."

"Umefungwa, mama, kama ni nzima!" Akazima swichi kuu, akavaa glavu, akafungua kikopo cheusi kilichobebwa mgongoni na mota. Kilichokuwa ndani kilikuwa kimevimba kama tumbo la chura. "Hii ni kapasita. Ndiyo inayoisukuma ile koili ya kuanzia, ndiyo inayoiambia mota ianzie upande gani. Ikichoka, mota inabaki inanguruma, inasubiri. Atakayeigusa wa kwanza, inafuata upande wake. Ukiivuta mlangoni inakwenda mlangoni, ukiivuta ukutani inakwenda ukutani. Siku ile nimeijaribu mchana wa joto, haina mzigo, nguvu kidogo iliyobaki ikatosha. Sikukifungua kikopo hiki. Nilitafuta mtu badala ya kutafuta ugonjwa."

Alisema "nilitafuta" na hakuniangalia mimi. Mtoto niliyemzaa.

Damiani akasema, "Injinia, kwa hiyo plagi yangu..."

"Siku ile baba alikuwa anaota moto jikoni," Bona akamjibu. Watu wakacheka mpaka Damiani naye akacheka.

Lakini Scholastika hakucheka. "Mama Bona, ulikuwa unasema. Ulisema 'huyu'. Huyu nani?"

Yeye alijua. Ni mimi niliyemwambia. Dorika akanitazama, na nikaona macho yake hayaangalii mbali hata kidogo. Yalikuwa yananiangalia mimi, na yalikuwa yanangoja pigo.

"Nilikuwa nasema," nikavuta pumzi, "huyu mkwe wangu ana adabu ambayo haijawahi kuonekana Sepuka. Mashine nzima imegeuka kwa sababu ya adabu yake. Nani mwingine ana mkwe wa namna hiyo? Anyooshe mkono!"

Hakuna aliyenyoosha. Scholastika angeweza kunimaliza pale pale, alikuwa na maneno yangu yote mdomoni, na chai yake juu. Akasema tu, "Mimi sina. Mashine ibaki." Kuanzia leo simsemi vibaya, au nitamsema kidogo.

Walipoondoka, nilimkuta Dorika anafagia punje zilizotapikwa. Nikamwuliza, bila ukali, rangi ya kucha ilifuata nini kwenye waya, na ile bisibisi.

Akaendelea kufagia. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Nilitia alama, mama, nione kama kuna mtu anazihamisha. Kila nikifungua nakuta hazijasogea."

"Ulikuwa unamshuku nani?"

Fagio likasimama. "Wewe, mama. Ikiwa na mimi inaharibika, ukija wewe inapona. Nilidhani unaigeuza ili nirudishwe kwetu."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Nikakaa kwenye gunia. "Mimi bisibisi hata sijui inashikwaje," nikasema. "Nilifungua kwa kisu cha jikoni."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yanaruka. Nikajaribu kukaza uso wa mama mkwe. Ukakataa.

Jumapili, 7 Julai

Kuku. Baba Bona kala paja na kudai la pili, kwa usumbufu aliopata. Bona alimwuliza mkewe kama yuko tayari kwenda naye mjini, apange hata chumba kimoja. Dorika akasema atamaliza kwanza msimu na mama. Nilikwenda jikoni kuangalia chumvi ambayo haikuwa na tatizo.

Jumatano, 10 Julai

Kapasita mpya imefungwa. Ukiwasha inaondoka yenyewe, haingurumi, haiombi mkono wa mtu. Wateja wa Ikungi wamerudi, na yule wa akili timamu yumo. Nimemhudumia wa mwisho.

Jua lilitoka, Baba Bona akaweka kigoda mlangoni. Dorika akazunguka kwenda ukutani kama kawaida, akawasha kutoka huko, na mashine ikaenda mbele. Alisimama akaitazama muda mrefu, kama mtu aliyesalimiwa na jirani waliyekuwa hawasemeshani.

Jioni, kazi ilipoisha, alikaa na kichupa chake anapaka kucha. Nikamwambia nami anipake. Akasema, "Mama! Watasema nini kigangoni?" Nikampa mkono. Akanipaka kidole kimoja tu, kile nilichokinyoosha Jumamosi. Hakusema kwa nini amechagua hicho, na mimi sikumwuliza.

Scholastika alipopita akakiona. "Mama Bona, kidole kimefanya nini?"

"Kimetiwa alama na mwanangu Dorika," nikamwambia. "Anataka awe anajua kikisogea."